Kipepeo wa Juu ya Jiwe

Saumu mwanangu,

Nakusikia huko chumbani unapigana na zipu ya begi. Mimi niko jikoni, mlango nimeurudishia, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuulizia basi na kuombea dawa. Wewe nawe Kiswahili unakisikia vizuri, ila ukijibu unajibu kwa lugha ya hapa. Basi barua hii isome kwa sauti, polepole, treni ikishayaacha majumba ya London. Ukiisoma kwa sauti utanisikia miye mwenyewe, na neno lisilokuingia machoni litakuingia masikioni. Mwandiko uuvumilie. Shule yangu iliishia darasa la nne, kule Muheza, nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu.

Sitakuandikia habari za kula, wala soksi, wala kufunga mlango. Hayo nimeyasema tangu hujaota meno. Kama hayajaingia, hayataingia leo.

Jumapili ulisimama pale mbele ya friji ukaniambia, tena kwa Kiswahili, ndipo nikajua huna mchezo: "Mama, mwaka huu naenda Skotlandi. Ukinipa radhi naenda. Usiponipa naenda vilevile, ila nitakwenda nikilia." Nikafungua friji nikatoa maziwa ambayo sikuwa na haja nayo. Mpaka sasa sijakujibu. Kesho asubuhi unaondoka na jibu langu bado liko kooni. Jibu limo humu ndani, lakini haliwezi kutoka mpaka nilipitishe njia lililotokea, na njia hiyo inapita makaburini. Unaijua. Tumeipita pamoja tangu una miaka minne, na hatujawahi hata siku moja kukaa chini tukaizungumza kama watu wazima.

Baba yako alikuwa akisafisha mabehewa ya treni pale Stratford, zamu ya alfajiri. Akimaliza, hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia yale makaburi ya zamani ya Waingereza, yale yaliyoachwa mpaka yakawa msitu katikati ya nyumba za watu, akakaa juu ya jiwe moja lililoanguka ubavu, akala chapati yake. Nilipojua nilimgombeza. Nikamwambia, "Shabani, utakula na wafu mpaka wakuzoee." Akanicheka. "Wafu wa hapa wana adabu, Zaina. Hawajaniomba hata kipande." Kisha akasema London nzima hajapata kimya ila pale. Mimi nikasema kimya gani hicho cha kukaa juu ya kaburi la mtu usiyemjua jina. Maandishi ya jiwe lile yalikuwa yamekwisha kulika na mvua.

Alipofariki ilikuwa baridi kali. Watu wetu wakamsafirisha mpaka Muheza, akazikwa kwao. Mimi sikwenda. Makaratasi yangu yalikuwa bado yako Croydon, kwa watu wa uhamiaji, na wakili akaniambia, mama, ukitoka usidhani utarudi. Nikaliona sanduku linaingia garini, mlango ukafungwa, nikarudi nyumbani nimekushika mkono. Kaburi la mume wangu nimeliona kwenye simu tu, tuta la udongo mwekundu na kijiti. Sasa mjane wa namna hiyo akitaka kumsalimu mumewe aende wapi? Nikaenda kwenye jiwe.

Ulikuwa mwezi wa tatu, jua la kwanza la mwaka, lile lisilo na joto. Miti haina jani hata moja ila ile mitambaazi ya kijani iliyowakumbatia malaika wa mawe mpaka shingoni. Salamu ya makaburini naijua, lakini nikaona wale si watu wa dini yetu, nitawasalimuje kwa maneno wasiyoyajua? Nikasema tu, "Hodi, wenyewe." Halafu sauti ndogo, nzito, ikajibu, "Karibu."

Roho ilinitoka. Kumbe ni wewe. Umesimama nyuma ya jiwe, uso mkavu kama wa mtu mzima. Nikakuuliza kwa nini umejibu. Ukasema, "Umenifundisha mtu akipiga hodi lazima ajibiwe. Nao wamelala."

Na juu ya jiwe, pale pale baba yako alipokuwa akikaa, palikuwa na kitu cheusi, chembamba, kama karatasi iliyoungua. Nikanyoosha mkono nikifute. Kikalia. Wallahi kililia, kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji, kisha kikafunguka, na ndani yake kulikuwa na macho manne yananitazama, makubwa, ya buluu na manjano juu ya nguo nyekundu. Mimi nilianguka kitako kwenye majani. Wewe ulicheka mpaka ukashika tumbo.

Kwetu kipepeo akiingia ndani ni mgeni, hafukuzwi wala hapigwi. Mama yangu mimi alikuwa akimwambia, "Kama waja kwa heri, karibu." Sasa huyu nilimkuta nje, tena amekaa mahali pa mtu wangu. Nikajizoa pale chini, nikamwambia kwa sauti ya chini ili wewe usisikie: "Shabani, umefika salama?" Akafunga mabawa. Akafungua.

Ndivyo ilivyoanza. Nimekueleza ili ujue kwamba haikuanza kwa wazimu. Ilianza kwa mtu aliyenyimwa kaburi.

Kisha ukaingia shule, wakakupa ile kadi ya picha, mwende mkatafute vipepeo wa mwanzo wa majira. Watoto wengine walikwenda bustanini. Wewe ulinivuta makaburini, na mimi sikuwa wa kuvutwa sana. Unakumbuka tabu tuliyoipata? Wewe unataka kuonyesha, "Mama, yule pale!", na mimi nakupiga mkono, kwa sababu makaburini hakunyooshwi kidole. Ukinyoosha kinaoza. Dawa yake ni kuving'ata vidole vyote, kimoja kimoja, kabla hujatoka langoni. Nilikung'atisha vidole mpaka ukawa unalia, mwisho tukakubaliana kuonyeshana kwa midomo. Waingereza wakipita na mbwa wao wakatukuta mama na mtoto tumesimama kati ya makaburi tunabinua midomo hewani kama samaki. Mmoja akatuuliza kama tuko salama. Ukamjibu, "Tunafanya homework."

Lakini nilijifunza, Saumu. Niliyeacha shule darasa la nne nilifundishwa vipepeo na mtoto wa miaka saba, nami nikawapa majina yangu. Wa limau hutangulia wote, huyo wa manjano kabisa, hupita kwenye jua kana kwamba kuna mtu amemwita. Mke wake amepauka, ukiwa na haraka utadhani ni yule mweupe wa kabichi. Yule wa chungwa mwenye ushanga mdogomdogo wa buluu uliozungushwa pindoni. Aliyeraruka, ambaye kingo zake kama za nguo iliyotafunwa na panya, akifunga mabawa unaona alama nyeupe kama mkato wa mwandishi. Wa kahawia mwenye madoa ya maziwa, mgomvi, huyo ana kipande chake cha jua na hakubali mwenzake akanyage. Ikifika mwezi wa nne, mweupe aliyechovya ncha za mabawa kwenye chungwa, na huyo ni mume, mke hakuchovya. Na yule wetu wa macho manne, ambaye hapa wanamwita tausi.

Uliniambia neno moja siku hizo, ukiwa umepiga magoti, kadi iko chini: "Mama, usitazame rangi kwanza. Rangi inadanganya. Tazama anatuaje." Nilisema ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaambia watoto. Laiti ningelisikia.

Kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kumfanya kipepeo mshauri. Kila jambo zito la kwako nililipeleka kwenye jiwe. Akiwa mabawa wazi, baba yako amekubali. Yakiwa yamefungwa, amekataa. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Mjane wa nchi ya watu, hana kaka wala shemeji wa kumuuliza, na kila uamuzi ni kama kukanyaga barafu, hujui ipi itapasuka. Nilitaka mtu mwingine aseme. Hata kama mtu huyo ana miguu ya uzi.

Ile safari ya shule ya kwenda kulala baharini siku moja, ulikuwa na miaka tisa. Tulikwenda kuuliza. Jua lilikuwa kali, na juu ya jiwe, kwenye ule mtambaazi, alikuwa ametua wa limau. Nikamuuliza. Tukangoja. Mabawa yamefungwa, kama jani. Tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi, hajafungua. Nikasema, "Baba yako hataki."

Ukaniambia, "Mama, huyo siye. Huyo ni wa limau. Akitua hafungui mabawa, hata jua liweje. Hafungui *kabisa*."

Nami nikakwambia, "Nyamaza. Usimsahihishe baba yako."

Wenzako walikwenda baharini. Wewe ulikaa shuleni na darasa la wadogo, ukapaka rangi. Nilimuuliza kiumbe ambaye hajawahi kumfungulia mtu mabawa tangu dunia iumbwe, na jibu lake nikaliita la mume wangu. Mwanangu, huko uendako utakutana na watu wa namna hiyo pia. Utakaa mbele yao na swali lako, utangoja, utajilaumu, utasema labda nimeuliza vibaya. Tazama kwanza wanatuaje.

Mwaka huohuo nilikuuliza mimi jambo. Nilikuwa nimemwona wa macho manne pale pale, pembe ileile ya jiwe, mwaka baada ya mwaka, nikakwambia, "Kipepeo huyu ana umri mrefu." Ukanicheka. Ukasema, "Siye yule, Mama. Yule wa mwaka jana amekufa. Huyu amezaliwa kiangazi kilichopita, akalala ndani ya mti baridi yote, sasa ndio ameamka. Kila mwaka ni mwingine." Ulisema ili unitoe hofu.

Sikulala vizuri wiki nzima. Kama ni yuleyule, basi amepazoea tu. Lakini kama ni mwingine kila mwaka, nani anayemwonyesha mahali pa kukaa? Makaburi yale yana mawe maelfu. Nilikuuliza, ukainua mabega: "Labda pana joto." Labda. Mimi niliweka kiganja changu pale baada ya kuruka kwake, na jiwe lilikuwa la baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.

Baada ya hapo ukageuka mtoto mwema kupita kiasi. Kila ukiwa na ombi unasema, "Mama, twende kwa Baba leo." Simu yako ya kwanza, kulala kwa rafiki, masomo ya kuogelea. Tunakwenda, mabawa yako wazi, narudi moyo mweupe. Nilikuwa nawaambia watu, mwanangu ana mapenzi na marehemu, ajabu.

Mpaka mwaka jana. Wale watu wa Skotlandi wanakutaka ukatunze pori lao, uhesabu wadudu wao, na mimi nasema nimezaa mtoto London aje aende msituni, lakini hilo lilikuwa la mdomoni tu. Mvua ikanyesha wiki nzima, na wao wanataka jibu. Nilikwenda na mwavuli. Alikuwa amejibana chini ya ukingo wa jiwe, mweusi, karatasi iliyoungua. Nikarudi, nimelowa, nikakwambia, "Amekataa."

Ulikuwa unakunywa chai. Ukaweka kikombe chini taratibu, na hilo taratibu ndilo lililonitisha.

"Mama, wanafunga wakisikia baridi."

"Usianze, Saumu."

"Wanafunga wakisikia baridi! Wakipata jua wanafungua. Basi. Hakuna lingine. Kwa nini unadhani nilikuwa nakuomba twende saa sita mchana? Kwa nini unadhani nilikuwa natazama hali ya hewa kwenye simu kwanza? Miaka yote nilikuwa nangoja jua litoke ndio nikuombe ruhusa!"

Nikakaa. Nikasema la kijinga, nikasema, "Kwa hiyo ulikuwa unamdanganya baba yako."

Ulinitazama. Hukupiga kelele tena. Ukaingia chumbani, na asubuhi ukawapigia simu watu wa Skotlandi ukawaambia huwezi.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Ulijua yote. Ulijua ni baridi tu, ulijua mama yako anaongea na mdudu, na bado ukabaki, kwa sababu hukutaka kuvuka bila radhi. Mwaka mzima umekunja nguo za watu kwenye lile duka la Stratford. Ukirudi unakaa kitandani na viatu mguuni. Hukuninunia hata siku moja. Afadhali ungeninunia.

Nilimweleza Bi Kulsumu, yule Mhindi wa Tanga ninayekwenda kumtunza Rayners Lane. Nilikuwa namsugua mgongo. Unamjua, ulimi wake haujazeeka pamoja naye. Akageuza shingo akanitazama, sabuni imemjaa begani.

"Weye Zaina! Si weye uliyekuwa ukinililia hapa, kila siku Croydon, Croydon, sijapewa ruhusa, sijapewa ruhusa?"

"Ndiye, Bi."

"Na sasa umefungua ofisi yako makaburini?"

Nikacheka, kwa sababu nilidhani anatania.

"Usicheke," akasema. "Wale wa Croydon walau walikuwa wakiandika sababu. Weye mtoto unamwandikia nini? Kipepeo kasema?" Kisha akafumba macho niendelee kumwagia maji, akaongeza polepole, "Sema unaogopa. Neno fupi hilo. Linatamkika hata kwa Kigujarati."

Basi nalisema, Saumu. Naogopa. Niliogopa bahari ya shule yako, niliogopa bwawa la kuogelea, naogopa milima ya Skotlandi na giza lake la saa tisa mchana. Niliona mtu mmoja anatoka nyumbani alfajiri na chapati mfukoni, na jioni nikaitwa hospitali. Tangu hapo mlango ukifungwa nyuma ya mtu ninayempenda, mimi nasikia sanduku. Hofu hiyo nilikuvisha wewe, nikaiita heshima ya baba. Baba yako maskini hakuwahi kumkataza mtu kitu. Alikuwa mtu wa kusema, "Nenda, utaniambia."

Sasa nikueleze ya leo mchana, kwa sababu uliona sehemu yake.

Niliposema nakwenda kununua unga, nilikwenda makaburini. Sikwenda kuuliza. Nilikuwa nimejiapia njia nzima, siulizi. Jua lilikuwa limetoka, jua zuri, wa limau walikuwa wanapita, na yule aliyeraruka alikuwa amejitandaza njiani. Kila aliyetua amefungua. Nikajua nikimtazama wetu, akiwa wazi, nitarudi nifurahi na nikupe radhi kwa sababu yake. Na akiwa amefunga, kwenye jua lile, wenzake wote wamefungua? Kwa hilo hata wewe usingekuwa na jibu. Na mimi ningekufungia mlango tena, mwanangu, najijua.

Kwa hiyo nilitembea macho chini mpaka nikaona mguu wa jiwe. Nikageuka, nikalipa mgongo. Nikaomba samahani kwa kulipa mgongo. Nikasema, "Shabani, leo sikuja kuuliza. Nimekuja kukuarifu. Saumu anakwenda."

Ndipo nikasikia kitu kinatua begani, hapa kushoto, juu ya mtandio. Hakina uzito. Ni kama mtu aliyekuwa anataka kukugusa akabadili nia, lakini mkono haukuondoka.

Sikugeuza shingo. Nikaanza kutembea, nikidhani ataruka. Hakuruka. Langoni palikuwa na bwana na mbwa mkubwa, na mbwa akakaa chini njiani akagoma, akinitazama begani, yule bwana anamvuta kamba, anamsihi, mbwa hatoki. Ilibidi wao wanipishe kwenye majani. Kwenye basi nilikaa kiti cha mbele. Mama mmoja mwenye mtoto akainama kwangu, "Samahani, bega lako lina—"

"Najua," nikasema.

"Mzuri! Ana macho—"

"Najua. Tafadhali. Usiniambie kama mabawa yako wazi."

Akarudi kwenye kiti chake akamkumbatia mtoto wake. Simlaumu. Kioo cha basi kilikuwa kinanionyesha nusu ya bega, nikafumba macho, nikapitilizwa kituo. Madirisha ya maduka niliyapita nikitazama viatu vyangu. Na lifti yetu ina kioo, unajua, kwa hiyo nilipanda ngazi zote, na goti langu hili. Ghorofa ya tatu, hakuna mtu, nikausikia ule mlio karibu na sikio, mafuta na maji. Yaani alikuwa ameyasogeza mabawa. Kuyafungua au kuyafunga, sijui. Nilisimama nimeshika chuma cha ngazi, natamani kugeuza shingo kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji. Ningegeuza kidogo tu. Nikapanda.

Wewe ndiye uliyenifungulia mlango. Macho yako yakaenda begani kwangu yakasimama. Mdomo ukafunguka. Nikatikisa kichwa. Ukaufunga. Ukanyoosha mkono kwa upole, kama unaniondolea uzi, ukatoka nao umeukunja mpaka dirisha la korido, nikasikia dirisha linafunguliwa, likafungwa. Uliporudi uso wako ulikuwa haunipi habari yoyote. Ukaniuliza, "Unga uko wapi?"

Kwa hiyo wewe unajua na mimi sijui. Na ninataka ibaki hivyo. Usiniambie kwenye simu. Usiniambie siku tukigombana, ukitaka kunishinda. Usiniambie hata siku ninakufa, nikikubembeleza. Mimi radhi yangu naitoa sasa hivi, hapa jikoni, kwa akili yangu, naogopa hivi ninavyoogopa. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekubeba. Na kwa haki hiyo, na kwa haki hiyo peke yake, nakupa radhi, Saumu binti Shabani, ya kwenda, ya kukaa huko, na ya kutorudi mpaka utake.

Kama yalikuwa wazi, nenda. Kama yalikuwa yamefungwa, nenda.

Mama yako,
Zaina